Mkono wa Mbuvi Kwenye Picha Yetu

Nunguni,
Makueni.
24 Julai 2025

Mpendwa wifi Nzisa,

Habari za huko Toronto? Watoto hawajambo? Na mgongo wako je, umepata nafuu? Sisi baridi ya Nunguni imetubana, lakini tunaishi. Naandika huku nikisimama kila mara kuchungulia nje bila sababu, kwa hivyo mwandiko ukienda upande unisamehe.

Kakako Mbuvi hukwambia kwenye simu kwamba alishapona ile stroki ya Machi. Hajapona sana. Mkono wa kulia bado unatetemeka, hata kikombe cha chai hushika kwa mikono miwili.

Tulialikwa kupeleka picha kwenye maonyesho ya uchoraji mjini Wote. Nikamwambia tuchore moja ya sisi wawili: kila mtu ajichore, halafu tubadilishane, kila mmoja amrekebishe mwenzake pale anapoona hajasema ukweli. Alikubali upesi. Nilidhani ingemrudishia moyo.

Tuliweka kioo karibu na dirisha, tukaanza. Uso wake ulitoka vizuri, Nzisa, macho ni ya baba yenu kabisa. Lakini ule mkono, akiuchora leo, kesho anaufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Mwishowe akauficha nyuma ya mgongo wangu.

Zamu yangu ilipofika nikautoa. Niliuchora ulivyo, juu ya goti, vidole vimejikunja. Aliporudi kutoka sokoni akasimama mbele ya turubai.

"Syokau, watu wa Wote wanakuja kuona picha ama kuona mgonjwa?"

"Wanakuja kutuona sisi," nikamjibu.

Akachukua koti, akaenda zake Zombe kwa mwaitu, mama yenu. Simu zangu hakushika.

Wifi, sikuweza kukaa chini. Napika, nasahau kula. Nachukua brashi niufute ule mkono, naiweka, naichukua tena. Mara nione nimemwaibisha mume wangu, mara nione nikiufuta nitakuwa nimekubali kwamba kazi yake imeisha. Mwaitu alinipigia akaniambia mwanawe anashinda nje akichora mchangani kwa kijiti, na hataki kuongea na mtu.

Jumamosi alirudi. Hata salamu hakutoa, aliomba brashi tu. Nikajua anakwenda kuufuta. Kumbe alienda upande wangu, kwenye uso niliojichora, mtulivu kama wa picha ya harusi.

"Na wewe pia umedanganya," akasema. "Tangu Machi sijauona uso huu hapa nyumbani."

Akaanza kunichora upya, kwa mkono ule ule wa kulia. Mistari ilitetemeka yote. Alipomaliza nikaangalia: mwanamke ameogopa, macho hayajalala, anamsikiliza mumewe anavyopumua usiku. Nililia, Nzisa. Hakunibembeleza, aliendelea kusafisha brashi.

Picha inaondoka Alhamisi ijayo, na ule mkono uko pale pale juu ya goti. Watu watasemaje, sijui. Mpigie simu, lakini usimwulize mkono unaendeleaje. Mwulize amenichoraje.

Msalimie mumeo Kitheka, umbusu Wayua na mdogo wake. Mwaitu anasema anakuombea kila Jumapili kanisani, nasi tunaitikia amina. Mungu awafunike huko mbali.

Wifi yako akupendaye,
Syokau