Kibaba cha Unga si Kibaba cha Mchele

Jikoni, hospitali ya shamba la mkonge, karibu na Maramba

Dada yangu mpendwa Agnesi,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo nyingi. Mama anaendeleaje na goti lake? Huko Songea mmekwisha kuvuna? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii hata kidogo. Ndiyo maana naandika kabla ya kupata jibu la barua yangu iliyopita.

Wajua hapa napikia wagonjwa pamoja na Bi Mwanahawa, mama wa Kidigo aliyenipokea kama mwanawe. Siku zote tulipewa chakula kwa kibaba, kile kikopo cha kupimia. Sasa amekuja karani mpya wa ghala, anataka kila kitu kwa ratili, yaani kwa uzito wa mizani. Alipima kibaba cha mchele, akapata ratili moja na nusu, basi akaandika kwamba kila kibaba ni hivyo hivyo. Asubuhi moja akatupimia vibaba arobaini vya unga wa mahindi, akaandika ratili sitini. Mchana, hata ugali hatujasonga, akaja na mizani. Unga ule ule ukawa ratili arobaini na moja.

"Ratili kumi na tisa ziko wapi?" akaniuliza. "Nani hapa hutoka na kikapu?"

Dada, niliogopa. Nikasema, "Bi Mwanahawa."

Nilijua kikapu chake ni cha maganda ya mihogo ya kulishia mbuzi wake. Nilijua tangu asubuhi hajatoka jikoni. Alifukuzwa pale pale. Akajitanda kanga yake, akaenda zake.

Siku mbili nilikuwa nikiinuka, nikikaa, nikiinuka tena. Siku ya tatu nilishika kibaba cha unga mkono huu na cha mchele mkono huu, nikahisi tofauti. Nikavipeleka vyote kwa karani.

"Bwana karani, tafadhali pima."

Mchele: ratili moja na nusu. Unga: ratili moja na kidogo tu. Akamwaga, akajaza mwenyewe, akapima tena. Ikawa vile vile. Akazikata kwa mstari zile ratili sitini kitabuni.

"Mwite yule mama," akasema, kama mtu anayeagiza chumvi.

Jumapili, baada ya Misa, nikaenda kwa Bi Mwanahawa. Alinipa kigoda na maji. Nikamweleza habari ya mizani, kisha nikasema, "Nisamehe, Bi. Niliogopa tu."

"Kazini nitarudi, nina wajukuu," akajibu. "Lakini huko kuogopa kamwambie padri wako. Mimi ulinitaja kwa jina."

Amerudi. Tunapika, na maneno yetu ni kuni na chumvi basi. Nilitaka kuomba nihamie kukata mkonge, nisiuone uso wake. Halafu nikafikiri: nikiondoka, karani akikosea tena, nani atamtetea Bi Mwanahawa? Nimebaki. Kila asubuhi nasimama penye mizani hadi unga uandikwe kwa uzito wake na mchele kwa wake. Hata hivyo sina raha. Wewe ndiye uliyenilea. Niambie, mtu hufanya nini tena akishaomba radhi?

Msalimie shemeji, na shangazi aliyenifungia mbegu za maboga, na katekista wetu. Mama msomee barua hii, ila ukifika pale karani aliponiuliza, ruka.

Ni mimi mdogo wako,
Yohana