Hipsi za Saluni

Ndugu yangu, natangaza rasmi, kwa heshima na taadhima, kwamba ukoo wetu umepatwa na janga la hipsi.

Usicheke. Nina hasira kweli.

Dada amedungwa sindano za kujaza hipsi. Saluni. Na msusi wake. Amemlaza kwenye kochi la wateja akamdunga kitu cha kwenye chupa isiyo na hata karatasi ya jina.

Msusi, jamani. Msusi.

Sasa upande wa kushoto umevimba, una moto kama pasi, na tuko hospitali. Nimempigia huyo msusi, ananiambia, "Mdogo wangu, asiulalie tu, itajipanga yenyewe." Itajipanga yenyewe, kama foleni ya uji bwenini.

Daktari anasema lazima wapasue leo, na kovu litabaki. Akamuuliza Dada alitaka aweje. Dada akatoa simu, akaonyesha picha yake mwenyewe yenye hipsi za ajabu, amesimama kwenye mlango wa nyuma wa nyumbani.

"Kuna mtu nisiyemjua alinitumia. Akasema ananipenda, na ningekuwa hivi angenioa."

Mama akaichukua simu. "Mlango wetu umepinda lini?" Kisha akanigeukia mimi, niliyempiga picha hiyo.

Ni mimi. Nilizivuta hipsi kwenye picha, mlango wa nyuma ukapinda nazo, nikatuma kwa laini mpya ili nicheke. Nimekiri palepale, mbele ya daktari.

Dada hakunitukana. Ameuliza tu, "Kwa hiyo hakuna mtu?"

Nimemjibu hakuna.