Kereng'ende Wako Ni Mwekundu

Hukuwa na kamera ya maana, ila simu yenye kioo kilichopasuka. Hukuwa na darubini, wala buti, wala goti la kuinamia, na subira ya kunyamaza hukujaliwa kabisa. Ulikuwa na macho, cherehani na mwavuli mwekundu.

Mwaka umetimia, mke wangu, tangu ulipotuaga, na bwawa la nyuma ya karakana yako ya ushonaji bado linakuulizia.

Wateja walisubiri nguo zao huku wewe unanyemelea majani. Kereng'ende uliwatambua kama vitambaa: huyu kaniki, yule hariri iliyochuja. Majina ya vitabuni nilikusomea mimi jioni, nawe ukayasahihisha.

Wa mwisho ndiye aliyetukosanisha. Ulimpiga picha kwa juu, umejifunika mwavuli, ukaipeleka kwa mtaalamu wa makumbusho. Akajibu kwamba mwekundu wa aina hiyo hajawahi kuonekana kwenye bwawa letu, kisha akauliza kwa adabu kama wekundu ule ni wa mdudu au wa mwavuli. Apigwe picha tena, kutoka ubavuni, mabawa yaonekane yanapoanzia.

"Mwambie," ulisema, pini mdomoni, "mwavuli wangu hauna mabawa."

Mimi, kama msomi wa nyumba, nikasema mtaalamu habishiwi. Wiki nzima ukakataa nikusomee kitabu. Kisha ugonjwa ukakuwahi kabla hujarudi bwawani.

Jumapili iliyopita tulikwenda bwawani sisi. Mwavuli tuliuacha nyumbani, juu ya cherehani. Kereng'ende wa namna ile hurudi kwenye kijiti kilekile kama mzee kwenye kiti chake, basi tukasubiri. Binti yetu muuguzi alilala kifudifudi topeni na gauni ulilomshonea, mdogo wako fundi bomba kamshika miguu asiteleze. Mdudu akatua. Mwekundu, mke wangu. Mwekundu kuliko mwavuli, na penye mashina ya mabawa, doa la rangi ya asali.

"Baba," binti aliniuliza bila kugeuka, "leo nani msomi?"

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo, binti yako, mdogo wako, na wateja wawili ambao nguo zao hazijaonekana mpaka leo. Maadamu tupo, hutasahaulika.

Picha zote mbili, yako na yetu, zimeingia kwenye bahasha ya kwenda kwa yule mtaalamu, pamoja na ombi moja tu: penye nafasi ya aliyemwona kwanza, liandikwe jina lako. Gundi nimeilamba mwenyewe. Ulizoea kusema hapo tu ndipo ulimi wangu hufanya kazi ya maana. Nimeifunga, nimeitia posta.