Mkono wa Mama Haunyooki

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimekuachia nafasi ya kupumzika. Huku tunapumua. Ningeandika kwamba hatujambo, lakini ningekuwa nakudanganya, na uongo nimeshauchoka.

Uliuliza mkono wa Mama unaendeleaje. Kaka, haunyooki. Ni mwezi wa nne sasa tangu alipoteleza bafuni akavunjika juu kidogo ya kiwiko. Mfupa wenyewe umeunga vizuri, picha zimeonyesha. Lakini kiwiko kimeganda kikiwa kimekunjwa, na kiganja kiko pale kifuani muda wote. Hafiki hata katikati ya meza ya kukatia nguo, sembuse kushika mkasi. Anakaa kwenye kiti cha wateja ananielekeza, nawe unajua kuelekeza kwa Mama ni kugomba.

Wiki iliyopita nilimrudisha kwa yule mama wa mazoezi pale hospitali, yule yule aliyetupokea siku plasta ilipotolewa. Aliushika mkono, akaubonyeza bonyeza, akauliza tulikuwa tunafanya mazoezi mara ngapi kwa siku. Mama akawaka. Akamwambia mbele ya wagonjwa wote kwamba ni yeye aliyeagiza mkono upumzike, usiguswe, na leo anageuka kama kinyonga. Mama wa mazoezi akauachia mkono. Alinitazama mimi. Nami, Kaka, nikatazama sakafu.

Baadaye alinivuta pembeni. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema bado nafasi ipo: misuli iliyofupika inaweza kurefushwa kidogo kidogo, kwa maumivu, mara nne kwa siku, lakini mazoezi yaanze mwezi huu. Tukichelewa zaidi, mkono utabaki hivyo hivyo. Mama amekataa katakata. Anasema watu wanaosema leo pumzika na kesho vuta hawatamvunja mara ya pili.

Sasa nikueleze ya siku ile ya plasta. Mama alikuwa amechoka, amekaa nje kwenye benchi, na mimi ndiye niliyeitwa ndani kufundishwa. Nilifundishwa vizuri, siwezi kusingizia kwamba sikuelewa. Yule mama aliniambia msuli haujui kusukuma, unajua kuvuta tu. Umeshikizwa kwenye mfupa kwa kano. Ukijikaza unafupika, na mfupa unafuata. Ndiyo maana misuli hufanya kazi miwili miwili: wa mbele ya mkono unakunja kiwiko, wa nyuma unakinyoosha, na mmoja ukivuta mwenzake hauna budi kulegea. Aliposikia mimi ni fundi cherehani, akaniambia nikanyage pedali hewani huku nimeshika paja. Kweli, mguu uliponyooka nyama ya juu ilikaza, nilipoukunja ikakaza ya chini, na nilipobonyeza vidole shavu la mguu likapanda. Nilicheka peke yangu. Akanionya kwamba msuli ukiachwa umekunjwa wiki nyingi huuzoea ufupi ule, kwa hiyo nimnyooshe Mama mkono kila siku hata akilia.

Nikatoka nje, nikamwambia Mama wamesema mkono upumzike.

Mwanzoni nilijiambia ni huruma. Sisi mafundi tunajua kitambaa kikivutwa sana hulegea na mshono huachia, nikaona na nyama ni hivyo hivyo. Nikamshonea kitambaa cha kuuning'iniza mkono shingoni, jinzi tupu, mshono mara mbili, nikawa namfunga kila asubuhi. Wiki ya tatu alijaribu mwenyewe kuunyoosha, nikamkataza. Hapo haikuwa huruma tena. Unajua miaka kumi na mmoja nimeshona alichokata yeye. Kumwomba Mama mkasi ni sawa na kumwomba meno yake. Alipovunjika, nikakata mimi. Gauni la yule mwalimu wa shule ya jirani lilimkaa sawasawa, akajigeuza geuza mbele ya kioo, akaniita fundi. Kaka, nilitaka niitwe hivyo siku moja zaidi. Halafu nyingine. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ile ya Mama niliishona mimi.

Hataanza mazoezi mpaka ajue kwamba hakuna aliyemwagiza apumzike. Nimejaribu mara tatu kumwambia. Jana nilishafungua mdomo, akanikatiza, akasema naonekana nimechoka, nikale kwanza. Nikaenda kula. Nilikula huku nalia, akadhani ni vitunguu.

Nakuomba uje Jumamosi hii. Sitaki uniombee msamaha wala useme kwa niaba yangu. Nitasema mwenyewe, wewe kaa mlangoni nisipate pa kukimbilia. Siku zinakwisha, Kaka, na peke yangu sitaweza. Kama utanichukia, nichukie ukiwa hapa.

Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi anawakumbuka. Mama amejua nakuandikia. Anakusalimu sana, na ameniamuru niongeze maneno yake haya kama yalivyo: usihangaike kusafiri kwa ajili yake, kwani mkono wake wa kulia sasa ni mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano