Tochi Niliyommulikia Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi Madina, naomba msaada kabla wazee hawajakaa, maana mimi ni mwandishi wa riwaya za upelelezi hapa Arua na nazipenda mno zile filamu za kale zisizo na rangi, za wapelelezi wa kofia na makoti marefu, hata sebuleni nimeshusha mikeka dirishani ili mwanga uingie kwa mistari, na mke wangu Asiya amevumilia yote, hata koti ninalovaa jua likiwaka, kwa sababu nilimwahidi kwamba kitabu kikiisha mwezi huu nitarudi kuwa mume, ila akaanza kwenda Koboko kwa mama yake kila Alhamisi na kurudi ananukia moshi na manukato, na katika filamu zangu, Shangazi, mwanamke mzuri anayenukia hivyo hajawahi kuleta habari njema.

Basi nikamfuata kwa bodaboda na koti langu, nikasimama karibu na soko la Koboko nimeegemea ukuta, wenye maduka wakadhani nimetumwa na serikali wakaanza kufunga, nikaona upelelezi umeharibika, nikaenda moja kwa moja kwa wakwe, nikamkuta mama mkwe jikoni, nikawasha tochi nikammulika usoni nikasema, "Mama, ukweli. Moshi ni ya nani?" Mama mkwe akaita, "Asiya, kuja. Huyu mutu yako iko mgonjwa?"

Asiya akatoka chumba cha nyuma amejifunika blanketi, moshi bado unamtoka mabegani. Akasema, "Wewe ulisema kitabu inaisha. Mimi nafukiza udi juu yako. Sasa mimi nabaki hapa." Simu hapokei, na wakwe wameita wazee Jumapili. Nampenda, Shangazi, na nyumba imekuwa kubwa. Je, ningoje mvua inyeshe, nikasimame nje ya dirisha lake?

Nasuru, Arua

Nasuru, pole, lakini si sana. Umelelewa Arua na mama na mashangazi wanaojifukiza kwa ajili ya waume zao, ukashindwa kuutambua moshi wa udi? Nawahurumia wasomaji wanaokutegemea umkamate muuaji.

Kumfuata mke ni ujinga, ila Asiya angekusamehe kabla ya chakula cha jioni. Balaa ni lile la jikoni. Mkwe ambaye hata salamu yake huwa unaipokea umeinamisha macho, leo unammulika kama mwizi wa kuku!

Mvua usiingoje. Jumapili vaa kanzu, nenda na baba yako mdogo, na aseme yeye. Wewe keti chini, tazama mkeka, ukiulizwa jibu kwamba umekosa, halafu nyamaza. Habari za filamu usiziguse hata wakikuuliza. Mama mkwe mpelekee kitenge na sukari, na ile tochi umwachie, itamfaa jikoni.

Filamu hizo hata mimi nimeziona. Mwishoni mwanamume anaondoka peke yake, barabara imelowa, na inapendeza kwa sababu inakatika hapo hapo. Hawamwonyeshi kesho yake asubuhi akichemsha chai ya mtu mmoja. Asubuhi hiyo sasa unaijua, na nadhani ndiyo iliyokufanya uniandikie. Kwa hiyo kabla hujatoka Jumapili, ng'oa ile mikeka dirishani. Asiya akirudi, akute mwanga mzima.