Mgomba Tuliouzika

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Etobicoke, pembeni mwa Toronto, tu wazima, ila lifti imeharibika tena, na bibi yako analalamika kila ngazi. Habari ya harusi yako huko nyumbani imetufurahisha sana.

Umeuliza kama kwenye kadi uandike "binti wa marehemu Yakobo", maana serikali ya huko inasema baba yako alipotea vitani. Nikikumbuka neno hilo damu inanichemka!

Askari wenzake walimwona akifa, wakashindwa kumbeba. Walituletea kofia yake tu. Tukafanya kama desturi yetu mwili usipopatikana: tukakata mgomba wa kimo chake, tukauvisha sanda, tukauzika. Nikanyoa kichwa.

Mwaka jana ofisa wao wa pensheni alikuja Toronto kusikiliza madai yetu. Akaniuliza, "Mzee, ulimzika mwanao?" Nikamweleza yote, kama mjinga. Akacheka.

"Kumbe mlizika mgomba! Basi mwanao hajafa, amepotea. Aliyepotea hana pensheni."

Nikasimama. "Kama hajafa, mlipeni mshahara wake wa miaka yote hii!"

Akafunga faili, akaita mtu mwingine.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira. Lakini kwenye basi nikawaza: kaburi lile hatukulichimba kwa ajili ya ofisa. Tulilichimba ili tuwe na pa kumlilia Yakobo.

Andika "marehemu". Na asubuhi ya harusi, kabla ya kwenda kanisani, pitia pale tulipozika mgomba, upige magoti, umwombe baba yako baraka.

Babu yako