Ng'ombe Mmoja Tu, Pakiteng

Pakiteng,

Jina lako silitaji. Kwetu jina la aliyeondoka halitamkwi, na wewe ulivyo mkorofi, ningelitaja ungekuja kweli. Nakuita tulivyoitana tangu siku uliponipa yule mtamba wa madoa: Pakiteng, mwenzangu wa ng'ombe. Na usicheke mwandiko. Darasa la nne niliishia kwa sababu yako, wewe ndiye uliyesema mwalimu hawezi kutufuata mtini.

Tangu tukuweke chini, mvua ya vuli haikuja. Ya masika ilitema mate ikaenda zake. Kutoka hapa mpaka Wasso ng'ombe wanatembea kama viti vibovu. Miche uliyopanda kuzunguka chemchemi imebaki mitatu. Mingine imeliwa na mbuzi. Wangu, naungama mapema.

Na wazee wenzetu, kwa kunikomoa, wamenipa kazi yako. Mimi! Mlinzi wa alalili, yale malisho tuliyoyafunga kwa miiba, asiingie ila ndama mpaka mvua inyeshe. Walisema, "Ana mdomo mkubwa, azibie lango."

Unakumbuka uliporudi kutoka semina ya tabianchi kule Karatu? Basi limekutikisa siku nzima, kofia mpya kichwani, tumbo limejaa maharage ya Wambulu. Ukasimama mkutanoni ukasema serikali inataka tupande miti, tupunguze mkaa, kila nchi ina sehemu yake. Nikasimama na mimi. Nikasema moshi wa Tanzania mbele ya moshi wa nchi kubwa ni shuzi la kupe mgongoni mwa tembo. Kupe akijibana, nani atanusa tofauti? Watu walicheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Wewe ulisema tu, "Kaa chini, Pakiteng, umeshanukisha mkutano." Kesho yake ukaenda kuchimba mashimo ya miche.

Sasa nisikilize, hapa ndipo pagumu.

Juzijuzi binti wa yule mtamba wako, ndiye pekee aliyebaki, yeye na ndama wake, alilala akashindwa kuamka. Nilimshika mkia, mke wangu akamshika pembe, tukamwinua. Akaanguka. Tukamwinua tena. Mke wangu akanitazama, kisha akatazama alalili. Unamjua, akinyamaza ndiyo amesema. Nyasi zile pale, zinafika gotini, upande wa pili wa miiba. Nikajiambia: ng'ombe mmoja tu. Mdomo mmoja utamaliza nini?

Mchana, wachungaji wamekimbilia kivuli, nilisogeza tawi, nikamwinua mara ya tatu nikamwingiza akiyumba. Alikula, Pakiteng. Nilisikia meno yake yakikata nyasi, nikalia kama mjinga. Kesho yake nikamwingiza tena.

Nikasahau jambo ambalo hata kichaa analijua: ng'ombe akila, atakunya. Na kinyesi cha ng'ombe mzima si cha ndama.

Siku ya tatu nikamkuta Kitambi langoni, yule jirani yetu wa ng'ombe wengi uliyekuwa ukimkwepa. Kundi lake lote liko nyuma yake, linalia kwa harufu ya nyasi. Fimbo yake imeelekezwa ndani, kwenye kinyesi. Akauliza cha nani. Nikaleta utani, nikasema labda tembo mdogo kapita. Hakucheka. Akasema, "Mzee, si wewe uliyetufundisha mkutanoni? Kidogo hakihesabiwi. Kidogo chako kimeingia. Na hawa wangu, ukitazama nyika yote hii, ni kidogo vilevile. Toa mwiba." Nyuma yake vumbi lingine lilikuwa linapanda, ng'ombe wa watu wengine, wanakuja kuona kama lango litafunguka. Ndama ndani walinyanyua vichwa.

Ningemwambia wako ni wengi, wangu ni mmoja. Ni kweli. Ndilo tunalowaambia wenye nchi kubwa, na ni kweli pia. Lakini mmoja wangu alikuwa ameshakula.

Nikachomoa nyasi zilizopenya kwenye miiba, nikazinyanyua mkononi kama mtu anayeomba msamaha, nikasema mbele yao wote: ni wangu, nilimwingiza mimi, faini naijua. Faini uliiweka wewe, mtu mgumu wewe! Ng'ombe aliyeingia analiwa na wazee. Nikaenda kumleta mwenyewe. Alitembea vizuri. Nyasi za siku mbili zilikuwa zimempa miguu. Hapo, Pakiteng... basi.

Nilipomkabidhi nikarudi langoni nikamwambia Kitambi, "Sasa geuza wako." Alizitazama nyasi za ndani. Halafu akapiga mluzi, wakageuka. Hakunisamehe, aligeuka tu. Jana amepita tena, na alipofika langoni alipunguza mwendo.

Nyama ilikuwa ngumu kama kandambili. Wazee walitafuna, hakuna aliyetania. Hata mimi.

Usidhani nimeongoka. Miche yako mitatu haitapoza jua, wala Tanzania nzima tukipanda miti mpaka mlangoni, kama wakubwa hawataki. Bado nasema hivyo. Ila mwenye kinyesi ndani hana mdomo wa kumfukuza mtu langoni. Na wapo wa kufukuzwa, Pakiteng, tena wanakuja na makundi.

Jina hili tuliloitana lililetwa na ng'ombe. Mtamba wako kafa, binti yake kaliwa. Amebaki yule ndama jike, madoa yake ni ya bibi yake, na yumo ndani kwa halali yake. Kwa ajili yake sitoki pale. Mbuzi wangu nimewafunga mbali na chemchemi. Na mpaka mvua inyeshe, atakayetaka kuingia atapita juu yangu, na nilivyokonda, nitamchoma miguu.

Pumzika, mwenzangu. Leo kaburini nimekuwekea jiwe tu, bila nyasi za desturi yetu. Nje ya miiba hakuna nyasi, na za ndani si zangu. Nyasi nitakuletea mvua ikinyesha.